Mwenye Wa Tatu

Katika ukoo wa Isaïe hapakuwa na Kasereka hata mmoja. Ukisimama katikati ya soko la Butembo ukaita jina hilo, vichwa vingi vitageuka, kwa sababu Wanande huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Kwa akina Isaïe, Kambale alifuatwa na Kakule moja kwa moja. Ilikuwa hivyo kwa babu na kwa baba. Isaïe mwenyewe alipopata mtoto wa tatu, baba yake alituma neno kutoka Butembo kwamba aitwe Kakule, na maswali yasiwepo. Maswali hayakuwepo.

Yasingekuwepo maisha yake yote kama vita visingemkosesha kazi. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla pale Kisangani, mtu wa sukari, sabuni na chumvi. Mwaka ule majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yameukalia mji, kila moja upande wake, yakitazamana kama mbwa wawili kwenye mfupa mmoja. Mto ulifungwa, na ndege zilizotua uwanja wa Simi-Simi zilishusha askari badala ya mifuko. Depo ya Isaïe, ghala lake karibu na soko, ikabaki kuta na panya. Lakini alikuwa na kompyuta, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama mji kwa haraka, na alikuwa amejifunza Excel ili kuhesabu mali yake. Mtu aliyezoea kuandika ataandika tu. Bidhaa zilipokwisha, akaanza kuandika watu.

Kila mtu alipewa mstari wake: jina, baba, mahali alipo. Mwisho wa mstari ilikuwepo safu aliyoionea fahari kuliko zote, aliyoiita "rang", yaani nafasi ya kuzaliwa. Hakuijaza kwa mkono. Mashine yenyewe ilihesabu wavulana wa kila baba kuanzia juu kwenda chini, na ukiongeza mtoto au ukimwondoa, namba zilijirekebisha bila kuambiwa.

"Papa Nicolas, sukari iliisha, sasa unahesabu bandugu?" Annette, mkewe, alimtania akimnyonyesha mdogo wao.

"Bandugu habaishe kama sukari," alijibu Isaïe.

Wana wao walikuwa wanne. Nicolas na Célestin, wale wakubwa, vita viliwakuta Butembo shuleni. Nyumbani walibaki Ezéchiel, aliyekuwa na miaka minane, na Carlos wa kubebwa. Ezéchiel ndiye aliyekuwa Kakule, na Carlos alikuwa Katembo. Mashine haikujua mila ya mtu. Iliandika 3 mbele ya Ezéchiel. Iliandika 3 mbele ya Léopold, mdogo wake Isaïe, ambaye naye alikuwa Kakule na aliishi nao. Iliandika 3 mbele ya tonton Alphonse, ndugu ya baba yao, Kakule mwingine, mchuuzi wa samaki kule Basoko.

"Angalia," Isaïe alimwambia Léopold, akigonga kioo kwa kidole. "Bakakule bote ni ba tatu. Balitudanganya."

"Bon, basi miye ni Kasereka," Léopold akacheka. "Muninunulie bia ya jina mupya."

Hapo ndipo Isaïe alipotaka uthibitisho, na mtu wa kuthibitisha alikuwa mmoja tu: tante Kanyere, dada ya marehemu baba yake, mzee wa mwisho aliyejua habari za kale. Alikuwa Butembo, na njia ya kumfikia ilikuwa phonie, ile redio ya wafanyabiashara yenye betri ya gari na waya mrefu juu ya paa. Kila mtu anajua kwamba kwenye phonie hakuna siri. Anayefungua masafa hayo anasikia yote, ndiyo maana wafanyabiashara husema kwa mafumbo, maharage wakayaita watoto na dola wakaziita majani. Isaïe, ambaye asingetaja bei ya sabuni hadharani hata kwa mtutu wa bunduki, mchana ule aliketi mbele ya kompyuta, akabonyeza kitufe, akausoma ukoo wake wote waziwazi, mstari kwa mstari mpaka mwisho.

"Kakule Alphonse, Basoko, trois. Kakule Léopold, Kisangani, trois. Kakule Ezéchiel, mutoto yangu, Kisangani, trois. Tante, niko sawa? À vous."

Akaachia kitufe kumpa tante zamu ya kusema. Phonie ikakoroma kidogo, kisha ikanyamaza kabisa, jambo ambalo phonie haifanyi.

"Aksanti," ikasema sauti.

Haikuwa ya tante. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole, yenye uchovu wa mtu aliyetembea sana, na ilikuwa karibu mno. Isaïe aligeuka kutazama benchi la wateja. Hapakuwa na mtu.

"Isaïe," tante Kanyere alinong'ona kutoka mbali. "Nani alisema ile?"

"Sijue, tante. Pengine mutu wa Beni."

"Funga. Funga phonie, mutoto yangu."

Kesho yake tante aliomba mwenyewe aitwe kwenye phonie, akaeleza yote huku akilia, kwa sababu kuficha hakukuwa na faida tena. Babu yake tante alikuwa mbeba chumvi kutoka ziwa la chumvi la Katwe. Safari moja aliugua njiani na wenzake wakamwacha. Akatokea mtu asiyemjua, akambeba mgongoni yeye pamoja na mzigo wake, akamfikisha hadi mlangoni, na miguu yake haikuacha alama kwenye tope. Alipotua mzigo alitaja ujira wake: mwana wa tatu wa kila baba katika ukoo ule, aje ambebee.

"Wa tatu alipozaliwa, babu akamuita Kakule," alisema tante. "Ule akakuja, akauliza ku mulango. Babu akamujibu, wa tatu bado hajazaliwa. Ule hajue kuhesabu batoto ya batu, Isaïe. Anasikia majina tu. Akisikia Kakule anajua ni wa nne, anaenda kungoja. Tulimungojesha myaka yote ile. Sasa weye umemuambia."

Isaïe alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili. Alijiambia kwamba ni hadithi za wazee. Ila siku zile depo ilianza kunuka chumvi mbichi, chumvi yenye tope lake, harufu nzito ya maji yaliyolala, ilhali mfuko wa mwisho wa chumvi ulikuwa umetoka humo miezi mingi nyuma. Annette alipiga deki kwa sabuni, na harufu haikutoka. Kisha ukaja mshindo. Mchana kweupe, nyumba nzima ikila lituma, ndizi za kupondwa, kutoka ndani ya depo tupu waliusikia mzigo ukituliwa sakafuni, ule mshindo wa gunia zito na pumzi ya mbebaji baada yake. Isaïe alikwenda kutazama akakuta sakafu kavu.

Wavuvi waliopita kwa kujificha usiku wakaleta habari za Basoko. Tonton Alphonse ameokotwa ukingoni, hana jeraha, hana maji tumboni. Kwenye paji la uso tu alikuwa na alama pana iliyobonyea, kama ya wanawake wa milimani wanaobeba mizigo mgongoni kwa kamba ya kichwani. Alphonse alikuwa mtu wa pirogue, wa mtumbwi. Hakuwahi kubeba kwa kamba maishani mwake.

Léopold aliacha kucheka. Alianza kulala sebuleni kwa kaka yake, akaacha hata kwenda msalani peke yake. Isaïe alimwambia asiingie depo, naye akaapa hataingia, lakini siku moja saa ya jua kali, Isaïe akiwa ofisini amekodoa macho kwenye kioo, akifuta zile tatu na kuziona zikirudi kwa sababu ndivyo alivyoifundisha mashine, alisikia mzigo ukituliwa upande wa pili wa ukuta, kisha akaisikia sauti ya mdogo wake ikijibu mtu kwa adabu, ndiyo papa, ni miye, ndiyo, wa tatu, na alipokimbia akausukuma mlango, harufu ya chumvi ikimjaa kooni hata akashindwa kuita, alimkuta Léopold ameketi ameegemea ukuta kama mchukuzi anayepumzika, macho wazi, na kwenye paji lake la uso alama ya kamba bado ni nyekundu.

Wakamzika. Isaïe alilia makaburini kama mtoto, na watu wakasema wanapendana sana hawa ndugu. Hawakujua analia pia kwa ajili ya aliyebaki.

Annette ndiye aliyemleta Mama Madina kutoka Kabondo, mjane wa mwalimu, aliyekuwa akitibu majini kwa ubani na kombe, maandishi yaliyooshwa kwa maji ya waridi. Alishuka kwenye toleka, akamlipa mwenye baiskeli, akaingia depo peke yake na chetezo chake. Hakukaa humo, akatoka. Ubani ulikuwa umezimika.

"Mama, mimi natoa jini yenye iliingia," alimwambia Annette kwa sauti ya chini. "Hii haikuingia. Iliitwa kwa jina ya batoto, na njia iko yake. Nikisoma, inanyamaza, inanisikiliza kwa heshima. Inangoja tu nimalize."

"Na mutoto?" Annette alimkumbatia Ezéchiel kichwani. "Tufanye nini na mutoto?"

Madina alimshika yule mvulana shavu. Alipopewa ujira wake alikataa, akaondoka kwa miguu. Annette aliona ule mkono uliokataa ujira, akaelewa, akaketi chini pale pale uani.

Isaïe hakukubali. Usiku hakulala, akiwaza jambo moja tu: yule babu wa kale alimdanganya huyu kwa maneno, na yeye atamdanganya kwa maneno. Wa tatu bado hajazaliwa. Atausoma ukoo upya, bila Ezéchiel, na mwenye wa tatu arudi alikotoka akangoje miaka mingine mia.

Asubuhi mji ulikuwa umenyamaza vibaya. Askari wa pande zote walikuwa wanachimba mahandaki, na majirani walikuwa wanaingiza magodoro chini ya meza. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwepo bado. Isaïe aliwasha kompyuta, akautafuta mstari wa mwanawe, Kakule Ezéchiel, mwana wa Isaïe, Kisangani. Akaufuta. Mistari ya chini ikapanda juu kuziba pengo, kimya, jedwali likakaa sawa kama vile mtoto yule hakuwahi kuwepo. Isaïe aliomba msamaha kwa sauti, sijui kwa nani.

Hakungoja tante. Alifungua phonie, akabonyeza kitufe, na harufu ya chumvi ikafunguka chumbani kama mlango. Alisoma haraka, macho yakifuata mstari mpaka mwisho kama alivyozoea kusoma mali kwa wateja, jina, mahali, namba, bila kupumua, akitaka tu afike chini kabla moyo haujamshinda.

"Batoto ya Isaïe. Paluku Nicolas, Butembo, un. Kambale Célestin, Butembo, deux. Katembo Carlos, Kisangani, trois."

Alilisikia neno likiwa limeshatoka. Alitazama kioo. Ezéchiel alipoondoka, mashine ilikuwa imehesabu upya, kama alivyoifundisha, na mbele ya jina la kitoto cha kunyonya ilikuwa imeandika 3. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe. Akakiachia.

"Aksanti," ikasema sauti. "Aksanti sana, papa."

"Hapana," alisema Isaïe. "Nilikosea. Haiko ule. Haiko hata mumoja. Unanisikia? À vous. À vous."

Bomu la kwanza likaanguka ng'ambo ya soko, umeme ukakatika, na kioo kikawa cheusi na uso wake ndani yake. Katika vumbi lile lililoshuka kutoka darini alisikia ndala za Annette zikija mbio. Mkewe alisimama mlangoni amembeba Carlos, na hakuwa anatazama kule milio inakotoka.

"Papa Nicolas," alinong'ona. "Angalia mutoto. Alikuwa analala tu. Nani alimufunga kamba?"

Siku zile za mabomu makaburi hayakufikika. Watu walizika uani, chini ya madirisha yao, wakiinama kila mlio ulipopita. Isaïe alichimba kwa jembe la mkopo kati ya jiko na ukuta, shimo fupi. Depo iliungua pamoja na mashine na phonie, na hakuona haja ya kuzima. Annette hakujua kilichosomwa asubuhi ile, na mumewe hakupata kinywa cha kumwambia. Alijua yeye peke yake kwamba alimwambia mwenye wa tatu mara mbili, majina mawili ya wanawe, na kila mara alishukuriwa.

Ezéchiel alisimama karibu na kaburi la mdogo wake, akitazama udongo. Kisha akainua mkono akajisugua paji la uso.

"Papa," alisema, "huku inaniwasha. Na ule papa wa chumvi anauliza kama niko tayari."