Mlango Uliokwama Kichochoroni

Usi alikuwa seremala wa Mji Mkongwe. Kila asubuhi mkewe, Bi Bashira, alifagia ua, naye Usi akapanga mbao zake papo hapo. Alikitengenezea kikundi cha maigizo vitu vya jukwaani: kuta, madirisha, viti vya wafalme. Futi ya kupimia hakuwa nayo. Alipima kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama alivyofundishwa na baba yake.

Mwaka 2006 kikundi kilimtaka akitengenezee mlango mkubwa. Mchezo wenyewe ulimhusu bi harusi aliyekatazwa kuvuka mlango huo. Usi akautengeneza mlango na fremu yake, kitu kimoja, umejaa maua ya kuchonga.

Siku ya kuupeleka Ngome Kongwe, kwenye jukwaa la mchezo, wanaume wa mtaa waliuinua. Ukatoka uani. Ukafika kwenye kona ya kichochoro, ukakwama. Wakijaribu kuulaza, unagota ukutani. Wakiusimamisha, unagota kwenye roshani ya jirani.

"Mzee Usi!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka barazani. "Vunja mji, mlango upite!"

Watu wakacheka. Usi hakucheka. Walisukuma, wakavuta. Fremu ikalia, kisha ikapasuka katikati ya maua.

Abdulla, mkuu wa kikundi, alishika kichwa. "Mzee wangu, mchezo Jumamosi ijayo. Bila ya mlango hatuna mchezo. Na tukikosa safari hii, jukwaa wanapewa wengine."

Nyumbani Usi hakugusa chakula.

"Kula japo tonge, bwana," alisema Bi Bashira.

"Nshashiba."

"Umeshiba nini, na sahani hujaigusa?"

Usi alizifunga patasi zake ndani ya gunia. "Anayezitaka na aje azichukue. Mkono huu umenidanganya."

Asubuhi alikuwa amekaa pale pale, anautazama mlango uliopasuka, uliorudishwa uani. Jirani yao Nada akabisha hodi. Kazi yake Nada ilikuwa kuchora nyumba za zamani kwa kompyuta.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunicheka?"

"Nnakuja kukuuliza. Ulijuaje kama utapita?"

"Kona ile upana wake dhiraa tatu. Baba alinambia. Mlango nimeupima haufiki tatu."

"Dhiraa tatu kwa mkono wa nani?"

"Wa baba."

"Naye alikuwa mrefu kama wewe?"

"Ah, wapi! Alikuwa ananifika begani." Akajishika paji la uso. "Ewe Mola wangu. Kumbe dhiraa yake fupi kuliko yangu! Miaka yote hii."

Nada alitoa futi ya chuma. "Hii haina baba wala mtoto, ami. Kila mtu akiishika, kipimo ni kimoja."

Wakapima kichochoro, kona, roshani na lango la Ngome. Kisha wakaenda ofisini kwa Nada, kwa ruhusa ya mkubwa wake. Nada alikichora kichochoro ndani ya kompyuta kwa vipimo vile vile. Akauchora mlango, akausogeza polepole kwenye kioo cha kompyuta. Ulipofika konani, uligota.

Usi aligeuza uso. "Ningeliona hivi kabla..."

"Sasa tuukate kwenye picha," alisema Nada. Akaugawa vipande, kila kiungo akakificha chini ya maua. Kipande kimoja kikagota. Akakifuta, akakichora upya, kikapita. "Hapa tukikosea tunafuta. Ubao haufutiki."

Karakana moja ya mabango huko Chukwani ilikuwa na mashine inayokata plaiwudi kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Wakaupeleka mchoro, mashine ikavikata vipande. Matundu ya bolti za kuviunga nayo iliyatoboa yenyewe, yakaelekeana.

"Basi fundi ni mashine," alisema Usi kwa unyonge. "Mie wa nini tena?"

"Mashine inakata tu, ami. Maua haijui kuyachonga."

Usi alilifungua gunia. Akayabandua maua yaliyosalimika kwenye mlango wa zamani. Yaliyopasuka akayachonga upya. Hakuimba kama desturi yake. Alifanya kazi kama mtu anayeosha maiti.

Ijumaa wakabeba vipande. Ukutani konani michubuko ya siku ile bado ilionekana. Watu wa barazani walikaa tayari kucheka. Kipande cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote. Kilipoingia konani, Usi alifumba macho, akapenyeza kiganja baina ya ubao na ukuta. Kiganja kikapita. Nafasi ilikuwa ile ile ya kwenye mchoro.

"Twendeni," alisema.

Barazani hakuna aliyecheka.

Jumamosi, mlango umeshaungwa jukwaani, bi harusi aliusukuma, ukafunguka, akavuka. Watu wakapiga makofi. Abdulla alimfuata Usi nyuma ya jukwaa. "Mzee wangu, mwakani tunataka ngazi."

"Kwanza nikanunue futi," alijibu Usi.

Nyumbani Bi Bashira aliweka sahani. Usi alinawa. Akautazama mkono wake kwa kitambo, kisha akala.