Wivu wa Mtu Asiyekuwepo

"Mlikuwa mnacheka nini na Trebius?"

Vibidia aliweka bakuli la uji wa shayiri kando ya kitanda. Numerius, mumewe, hakuligusa. Homa ilikuwa imemla mpaka mashavu yameingia ndani, ila macho yalikuwa bado makali.

"Alikuwa ananisimulia habari za punda wake."

"Huyo punda ana vichekesho kila siku?"

Vibidia akamsogezea lile bakuli. Trebius alikuwa rafiki wa mumewe, amefiwa na mke, na ndiye aliyemnakilia Numerius mashairi aliyoyatunga. Mji mzima wa Neapolis uliyajua: kwamba roho ya mtu hufa pamoja na mwili, hutawanyika kama moshi, na aliyekufa haumwi wala hamkumbuki mtu. Wazee walikuwa wakiyasikiliza, wanarudi nyumbani kulala vizuri.

"Niapie," Numerius akasema. "Nikifa hutaolewa naye."

"Siapi."

"Basi ujue nimeshawaambia mashahidi wa wosia wangu. Ukiolewa, nyumba hii anachukua ndugu yangu."

Damu ikampanda Vibidia kichwani.

"Si wewe unayewafundisha watu kwamba maiti hajui lolote? Nikiolewa ataumia nani?"

"Mimi."

"Wewe hutakuwepo."

"Naumia sasa hivi, Vibidia. Sasa hivi nipo."

Vibidia akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sasa hivi niko na nani?"

"Na mimi."

"Nakupangusa jasho usiku kucha, halafu wewe unanifunga kamba ya kunivuta ukishakuwa majivu. Nyumba mpe nduguyo leo. Sitaki."

Kesho yake Numerius akawaita mashahidi wale wale, akalifuta lile sharti mbele yao. Walipoondoka akamzuia Trebius, aliyekuja kuyaandika mabadiliko hayo.

"Unamtaka mke wangu?"

Trebius akainamisha kichwa. "Nikikana nitakuwa mwongo. Lakini sijamgusa, wala sijamwambia."

Vibidia alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

"Sasa umemwambia," Numerius akasema, akageukia ukutani.

Alikufa wakati wa kuvuna zabibu, mkono wake umo mkononi mwa Vibidia. Mwanamke yule alilia mpaka sauti ikakauka. Muda wa kuomboleza ulipokwisha, akajitanda shela ya bibi arusi, ya rangi ya moto, akaolewa na Trebius. Watu walisema, wakasema, wakachoka.

Asubuhi moja akaamka, akamkuta Trebius ameketi kitandani, amenuna.

"Umemtaja usingizini."

"Nani?"

"Unamjua. Nimeyanakili maneno yake kwa mkono huu, kwamba mfu hayupo popote. Mbona humu kitandani tuko watatu?"

Vibidia hakukana. Alikuwa amemwota kweli, na ndoto ilikuwa nzuri.

"Basi sogea," akasema, "tubanane."