Kikombe cha Wawindaji

Kila asubuhi kabla ya shule nateremka mtoni na ndoo yangu. Njia ya kwetu inakatiza katikati ya ngoro, yale mashimo ya shambani ambayo sisi Wamatengo tunachimba kwenye miteremko, na ukiteleza unaangukia mahindi ya jirani. Naitwa Kunigunda, nipo darasa la sita. Wanaolikata jina langu wakaniita Kuni wanajua ninavyowajibu.

Mwaka huu kazi ya maji ilianza kunitia uchungu kwa sababu ya mdogo wangu, Valentino. Bado hajaanza hata darasa la kwanza. Tumbo lilimtuna, mikono ikabaki mifupa, chakula akawa anakitazama tu. Siku moja alitapika, na kwenye matapishi ulikuwemo mnyoo mrefu, mweupe, mzima. Mama akapiga yowe. Tulimpeleka zahanati, nesi Eunice akampa dawa, minyoo ikatoka, mtoto akaanza kucheka tena. Haukupita muda mrefu, tumbo likarudi vilevile.

Safari hii nesi Eunice alimkazia mama macho. "Mama Kunigunda, dawa inaua minyoo iliyomo tumboni, haizuii mingine kuingia. Mayai yake huyaoni kwa macho. Yanakaa kwenye kinyesi, kwenye udongo, kwenye maji. Ninyi mnayatoa wapi? Minyoo ikijikusanya ikaziba utumbo, mtoto huyu tutamkimbiza hospitali Mbinga akapasuliwe."

Akapasuliwe! Neno hilo lilikataa kutoka kichwani mwangu. Nikaanza kuchunguza. Choo chetu kina mfuniko. Mikono tunanawa, mama hana mchezo. Na mto wetu unatoka msituni, maji yake unaona mpaka kokoto. Sasa mayai ya minyoo yanatoka wapi?

Jibu nililipata Jumamosi. Nguruwe pori walikuwa wamevamia mahindi, wakala, wakakanyaga, wakalala humohumo. Kijiji kikapata tena kibali cha kuwawinda. Kiongozi wa wawindaji ni baba yangu, mzee Nazari. Kitongojini kwetu kuna desturi: wakishaua, binti wa kiongozi huwapelekea maji palepale walipochinja. Kila mwindaji anakunywa kikombe kimoja kutoka mkononi mwake, ndipo nyama igawanywe. Hata mmoja asipokunywa, hakuna kisu kinachogusa nyama. Kazi hiyo alikuwa nayo dada Theresia, lakini ameolewa Kitai, zamu ikaniangukia mimi.

Niliwakuta juu kabisa, pale mto unapotoka msituni. Dume la nguruwe lilikuwa limelazwa juu ya majani. Baba mdogo Hamphrey alikuwa ameinama mtoni akiosha utumbo, anaukamua, uchafu unateremka na maji. Pamoja na uchafu, minyoo! Mirefu, minene kama penseli, mingine bado inajinyonganyonga.

"Shikamooni," nikasema. "Baba mdogo, hiyo si minyoo?"

"Minyoo ndiyo!" Akacheka. "Huyu alishiba haswa. Mnyama mnono lazima awe na minyoo, mwanangu. Ukimkuta hana, ujue alikuwa na njaa."

"Kweli kabisa," akadakia babu Ildefonsi, mwindaji mkongwe kuliko wote. "Nimepasua nguruwe tangu ujana wangu. Sijaona mnono asiye na minyoo."

Kipande cha utumbo kilikuwa tayari juu ya makaa, nje kimeungua, ndani kibichi. Wanakiita kionjo, wanagombania. Mimi damu ilinichemka.

"Na Valentino je?" nikapaza sauti. "Ana minyoo kama hiyo. Mbona yeye hanoni?"

"Kunigunda!" Baba alinigeukia. "Mtoto haulizi maswali penye mawindo. Toa maji, urudi nyumbani."

Haya. Maji wameyataka, maji watayapata. Nikaimwaga ndoo niliyokuja nayo. Nikashuka kidogo tu chini ya baba mdogo, nikachota palepale. Nikarudi, nikapiga goti kama desturi inavyotaka, nikamwinulia baba kikombe kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na vipande vya uchafu vinaelea.

"Karibu maji, baba."

"Umechota wapi haya?"

"Hapo, anapooshea baba mdogo."

"Una wazimu? Nani anakunywa uchafu?"

"Sisi," nikamjibu. "Sisi tunakunywa. Mto ni huuhuu mmoja, baba. Ndoo niliyoimwaga niliichota pale chini kwetu. Tofauti ni kwamba kule mtu haoni. Babu, karibu basi wewe. Baba mdogo?"

Baba mdogo akaficha mikono nyuma. Babu Ildefonsi akatazama miti. Wanaume wazima, waliokabili nguruwe mwenye meno ya kupasua mbwa, wote wanaogopa kikombe!

"Kaka, mchape huyu!" baba mdogo akafoka. "Anatutukana."

Baba akakata fimbo. Kikombe sikukishusha.

"Nichape, baba. Lakini wote wasipokunywa, nyama hailiwi leo. Desturi hiyo sikuiweka mimi."

Fimbo ikabaki hewani. Baba akatazama kikombe. Kisha akaufuata mto kwa macho, unavyoteremka kando ya ngoro mpaka kwenye bati la nyumba yetu. Akaitupa fimbo.

"Hamphrey, toa utumbo majini."

"Kaka, tangu enzi za babu zetu sisi..."

"Toa, nimesema! Anayekunywa huko chini ni mwanangu."

Walichimba shimo refu mbali na mto, wakaufukia utumbo wote. Hata kionjo kilifukiwa, na baba mdogo alikisindikiza kwa macho kama anazika ndugu. Mimi nikapanda juu ya pale walipooshea, nikachota maji mengine, wakanywa wote. Nyama ikagawanywa, na mama akaichemsha mpaka ikaachana na mfupa.

Jumatatu baba mwenyewe alimbeba Valentino mpaka zahanati. Akamuuliza nesi Eunice mbona nguruwe mwenye minyoo ananona.

"Ananona kwa mahindi yenu, mzee Nazari, si kwa minyoo. Minyoo inakula naye. Mnyama mkubwa anavumilia, lakini mtoto mdogo ana nini cha kugawana nayo? Na mayai ya minyoo ya nguruwe yanaweza kumwingia mtu. Chemsheni maji ya kunywa, naweni kwa sabuni, mle nyama iliyoiva."

Tulimeza dawa nyumba nzima. Sasa Valentino anamaliza sahani yake na kudokoa ya kwangu, na tumbo halijarudi.

Lakini babu Ildefonsi alinuna. Kwenye jumuiya yetu ya majirani Wakristo, baada ya sala, alisimama akasema nimewavunjia wazee heshima. Baba akainuka.

"Mzee wangu, miaka yote tumeiona minyoo kwa macho yetu, tukacheka, tukawapelekea walio chini yetu. Mtoto aliiona mara moja tu, akauliza. Watoto, sikieni: heshima si kunyamaza wakati ndugu yako anadhurika. Na jambo halihalalishwi na kufanywa na babu zetu." Akanigeukia. "Lakini uliwapazia wazee sauti. Omba radhi."

Nikaenda mbele ya babu, nikapiga goti. "Shikamoo, babu. Kwa kupaza sauti, naomba radhi. Kwa kile kikombe, siombi."

Babu Ildefonsi alinitazama, akamtazama Valentino aliyekuwa akikimbizana na wenzake mlangoni.

"Marahaba," akasema. "Kwa kikombe, usiombe."