Damu ya Shemeji Iliganda

Asubuhi hiyo tulikuwa watatu shambani, upande wa Kamanga, karibu na ziwa, tunang'oa karanga. Mimi Sabina, mume wangu Luhende, na kaka yake mkubwa, Shigela. Luhende akakanyaga majani makavu. Nyoka aina ya kifutu akamuuma kifundoni.

"Twende hospitali!" nikasema.

"Shemeji, tulia," Shigela akajibu. "Nimetibu watu wa nyoka kabla hujaolewa."

Kujua kila kitu, huo ndio ugonjwa wa shemeji yangu. Akafunga mpira wa baiskeli juu ya goti, akaukaza. Akatoa wembe, akamchanja chale kumi na mbili. Akabandika jiwe lake jeusi la kunyonya sumu. Damu ikatiririka.

"Mnaona? Sumu hiyo inatoka!" akashangilia.

Saa nzima ikapita. Damu haikukata. Nikabadilisha kitambaa cha tatu.

"Shemeji, sumu gani hiyo isiyoisha?"

"Ni nyingi. Iache itoke."

Jamani! Nilitamani kumpiga na jembe, Mungu anisamehe. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Kisha Luhende akatema mate, yakawa mekundu. Fizi zake zilikuwa zinavuja damu.

"Basi! Imetosha!" nikapiga kelele. Nikaita bajaji, tukamlaza Luhende kiti cha nyuma. Shigela akapanda mbele, ananung'unika njia nzima.

Hospitalini tulipokewa na Odeta, muuguzi.

"Nani amemchanja hivi?"

Shigela akatazama dari. Odeta akaweka dripu kwanza, ndipo akaulegeza mpira taratibu. Akachukua damu ya Luhende, akaitia kwenye kichupa kikavu cha kioo.

"Nataka na damu ya mtu mwenye afya, tulinganishe. Baba, lete mkono."

"Mimi sikuumwa!" Shigela akaruka.

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Vichupa viwili vikawekwa mezani. "Dakika ishirini. Mtu asiviguse," Odeta akasema. Hata dakika tano hazijaisha, Shigela akanyoosha kidole.

"Shemeji! Toa mkono wako huo!" nikamkemea.

Muda ulipotimia, Odeta akainamisha vichupa. Damu ya Shigela ilikuwa imeganda kama uji uliopoa. Ya mume wangu ilitiririka kama maji. 

"Damu ina vitu vinavyoigandisha ili kidonda kizibe," Odeta akaeleza. "Sumu ya nyoka imevimaliza. Kwa hiyo kila chale ni mlango usiofungika. Na anaweza kuvuja damu hata ndani ya mwili, msione."

"Lakini sumu ilikuwa inatoka," Shigela akasema kwa sauti ndogo.

"Baba, aliyekuwa anatoka ni ndugu yako."

  Shigela akauliza, "Sasa ningefanyaje?"

"Mlaze, atulie. Mvue viatu na pete. Ufunge mguu kwenye ubao kwa kanga, usikaze. Usichanje, usinyonye, usibandike jiwe. Usimpe aspirini, inazidisha kuvuja. Nyoka msimkimbize. Mlete hapa upesi, dawa ya kupinga sumu iko hospitali."

Luhende akapewa dawa hiyo. Zilipopita saa sita, wakapima tena. Odeta akakiinamisha kichupa mbele yangu. Damu haikumwagika. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

Luhende alipona, japo alikaa wiki tatu bila kushika jembe. Meno ya kifutu yaliacha alama mbili. Wembe wa shemeji uliacha kumi na mbili, na wanangu wanazihesabu mbele yake.

Mwezi uliopita jirani yetu Kashindye aliumwa na nyoka akiokota kuni. Watu wakamkimbilia Shigela, kama kawaida. Akaja mbio na ubao na kanga ya mkewe.

"Wembe uko wapi? Na jiwe?" wakamuuliza.

"Jiwe nimelitupa ziwani! Mnashangaa nini? Iteni bajaji!"

Kashindye alifika hospitali bila chale hata moja. Odeta alipotoa vichupa viwili, shemeji alikuwa ameshakunja shati.

"Ya kulinganisha hii hapa," akasema, akanyoosha mkono.