Kitanda Kilichotandikwa Angani

Kizimba cha abiria kinachopanda Kamba Kuu kwenda angani kilikuwa kimeshaacha ardhi kwa dakika arobaini. Bukoba ilibaki doa la mabati chini yao, Ziwa likaanza kuonyesha kingo zake, lakini Rwegasira hakuangalia. Alitembea hatua nne kwenda, nne kurudi, mpaka abiria wakaanza kumkunjia uso.

"Kaa basi, mume wangu," Kokugonza alimwambia. "Unatafuta mlango wa kushukia?"

"Nikikaa naiwaza ile bei. Bei rahisi namna ile haiji peke yake."

Bei hiyo iliwindwa na mwindabei, punje ya kioo inayovaliwa nyuma ya sikio. Kokugonza ndiye aliyeiunda, zamani za uhandisi wake. Ilipekua bei za hoteli zote, za ardhini na za angani, ikasoma mikataba ambayo binadamu hana subira nayo, na kila ilichokigundua ikawaambia wote walioivaa, palepale. Wiki ile ilipata chumba katika Hoteli Rubale, iliyofungwa kwenye Kamba Kuu maili elfu nne juu, mahali ambapo mtu hubaki na robo ya uzito wake. Chumba cha wakubwa, kwa sehemu ya kumi ya bei.

Walipofika mapokezi, ukuta ukawasomea yaliyobaki. Ada ya hewa. Ada ya dirisha. Na kubwa kuliko zote, ada ya mapumziko, iliyoirudisha bei karibu na pale ilipotoka.

"Mapumziko gani?" Rwegasira aliuliza ukuta. "Mimi tangu nifike nimesimama."

Asubuhi Kokugonza alitandika kitanda, akakunja taulo, akafuta meza. Hakuwa na hesabu yoyote kichwani. Kwao Kanyigo mgeni anayeacha kitanda kimevurugika husemwa hadi kijiji cha pili. Mwindabei ikaongea sikioni: "Jicho la darini limekuta chumba safi. Mkataba unasema chumba kisicho na kazi ya usafi hakilipi ada ya mapumziko. Nimewaarifu wote."

Kufika mchana ghorofa nzima ilikuwa inatandika. Wanaume ambao kwao hawajawahi kushika shuka walikuwa wanapiga pasi kwa viganja.

"Umewaweza," Rwegasira alisema, na kwa mara ya kwanza akakaa.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sare ya kijani, vifundo vya miguu vimefungwa bendeji.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Naitwa Bhoke, chumba hiki ni changu. Kukisafisha, namaanisha."

"Marahaba. Ingia, mwanangu. Hakuna kazi humu, tumeshamaliza."

"Ndilo nililolijia. Naomba leo mlale ovyo kidogo."

Rwegasira alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha.

Bhoke aliwaeleza akiwa amesimama. Jicho la darini huhesabu vyumba alivyosafisha, kila chumba mara moja kwa siku. Akifikisha idadi ya mwaka anapewa tiketi ya kushuka. Asipofikisha, mkataba unajirefusha mwaka mwingine. Yeye alikuwa na miaka minne huku, na daktari wa hoteli alishamwambia kwamba mifupa iliyozoea robo ya uzito, ikipita miaka mitano, haiwezi tena kumbeba mtu ardhini.

"Umebakiza vingapi?"

"Vinne. Mwisho ni leo saa kumi. Kwa kawaida ni kazi ya asubuhi moja tu, mama. Sasa wageni wote wamekuwa watu wa adabu."

Kokugonza alishika punje sikioni. "Kifute kile kifungu. Waambie wote umekosea."

"Sijakosea," mwindabei ilijibu. "Uliniunda nisimfiche mtu ada."

"Waambie basi kuna mtu anaumia."

"Hiyo si bei. Sina mahali pa kuiweka."

Kokugonza alivuta shuka mpaka chini. Rwegasira alikuwa ameshamwaga chai juu ya meza, na sasa alikuwa mlangoni anavaa viatu. "Viwili vya jirani, kimoja cha yule mzee wa Ngara tuliyepanda naye," alisema. "Twende."

Waligonga milango kumi na tisa. Wengi waliwaona wamechanganyikiwa. Mama mmoja aliuliza ni nani atakayemlipia ada. Rwegasira akasema yeye, na mama huyo akavuruga kitanda kwa bidii. Mzee wa Ngara alirusha mito bila kuuliza kitu. Chumba cha nne kilikuwa cha vijana wa fungate. Walikubali, wakaomba wamalize kwanza kula. Walipofungua ilikuwa saa kumi na dakika sita.

Bhoke alikisafisha hata hivyo.

Mkataba wake ulijirefusha. Alishuka mwaka uliofuata na sasa anaishi Tarime, anatembelea magongo mawili na huchoka upesi. Mzee wa Ngara alifariki nyumbani kwake. Vijana wa fungate wana watoto watatu. Kokugonza aliizima mwindabei, na ndani ya mwezi mmoja watu wengine wakaiunda tena, ikiwa na kasi zaidi. Hoteli Rubale iliondoa ada ya mapumziko, ikaiingiza ndani ya bei. Rwegasira bado hawezi kukaa; yuko safarini. Barua yake ya mwisho ilitoka Mbamba Bay, na haikusema anarudi lini.