Kigae cha Nne

Duka la vigae Jumamosi asubuhi halina adabu. Wateja wanasukumana, mikokoteni inapita juu ya vidole, na kila mtu ameshika kigae anakitazama kama picha ya mchumba. Katikati ya vurugu hiyo fundi mmoja mrefu alikuwa akipanga vigae vya buluu ukingoni mwa kaunta, kila cha juu kikichungulia nje zaidi kuliko cha chini yake. Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, kwa kuwa kifaa hicho cha kupimia usawa hakikutoka katika mfuko wake wa nyuma hata akienda harusini.

“Kaka, vikianguka umenunua,” muuzaji alimwambia. Alikuwa amevaa gauni la kijani, na hereni zake zilicheza kila alipogeuza shingo.

“Haviwezi kuanguka, dada. Unaongea na fundi.”

Kimoja kikaanguka, kikamomonyoka pembe. Pimamaji alikiokota, akaandika tarehe mgongoni kwa penseli, akamkabidhi. “Weka. Ukumbusho wa siku niliyokudanganya kwa mara ya kwanza na ya mwisho.”

Mapenzi yakaanza hapo. Mwezi wa nane wa mapenzi yao Pimamaji aliinama juu ya kaunta ile ile na kumwomba amuoe. Muuzaji moyo ulimruka, ila mdomo wake ulizoea utani kuliko kweli. “Siku utakayoning’iniza kigae kizima nje ya kaunta, bila gundi na bila kukishika, nitakubali.” Akageukia mteja, na maneno yale akayasahau.

Hakusahau kusubiri aulizwe tena. Pimamaji hakuuliza. Badala yake alijiandikisha darasa la kompyuta, mara tatu kwa wiki, na kuanzia hapo simu zao zikaota miiba.

“Uko wapi, mpenzi?”

“Darasani. Mwalimu ananielekeza kitu.”

Nyuma yake kilisikika kicheko cha mwanamke, chembamba, kisicho na haraka.

“Anacheka nini huyo mwalimu wako?”

“Nimekosea.”

“Mimi ukikosea sicheki?”

“Wewe hununa, laazizi.”

Muuzaji akakata simu. Kwa wivu alianza kuhesabu mambo: shati lililopigwa pasi, kwa mtu anayeshinda amepiga magoti kwenye saruji, manukato, “mwalimu kasema” mara saba katika mlo mmoja. Kisha Jumatano Pimamaji alikuja kuchukua vigae vinne vya buluu, vya mwisho dukani.

“Vya nani?”

“Napeleka kwa mwalimu.”

“Bafu gani la vigae vinne?”

“Utajua tu,” alisema, akitabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililommaliza muuzaji.

Saa kumi alasiri alifunga duka mapema, akatia kigae chenye tarehe mkobani, akaenda kukirudisha kwa mwenyewe na kuachana naye. Alikuwa ameshaamua. Mwanamume wa kugawana hakumtaka, hata angekuwa fundi wa ikulu.

Dirisha la darasa lilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa mwanamke mzuri, jambo ambalo muuzaji alikuwa ameomba lisiwe kweli. Ameinama mezani, na mkono wa Pimamaji uko juu ya mkono wake.

“Shika hapo, usiachie,” Pimamaji alikuwa akinong’ona.

“Mshike tu, mwalimu,” muuzaji alisema, akiingia. “Huyo si wangu tena.”

Mikono ikaachana. Vigae vikaporomoka ukingoni mwa meza, na kimoja kikapasuka vipande viwili.

“Hicho kilikuwa cha mwisho,” Pimamaji alisema kwa unyonge. “Wiki ya sita hii. Uliniambia kigae kizima nje ya kaunta. Nilijaribu mpaka vidole vikauma, nikasikia kompyuta inaweza kupiga hesabu hiyo.”

Muuzaji akayakumbuka maneno yake ya kaunta. Mwalimu alimgeuzia kompyuta. “Ni zoezi la wanaoanza, dada. Inasema vinne vinatosha: kimoja kitokeze nusu, kingine robo, kingine moja ya sita, cha mwisho moja ya nane. Lakini kila tukipanga vinaanguka.”

“Nusu umeiweka wapi?” muuzaji alimuuliza Pimamaji.

“Chini. Ujenzi huanza chini.”

Mtu anayeshinda akipakua vigae kuanzia juu hahitaji kompyuta kwa hilo. “Cha chini kinabeba vyote, nawe unakisukuma nje nusu nzima? Nusu kipe cha juu, hakina mzigo. Kila kipya kiingie chini ya wenzake.”

Mwalimu alitazama hesabu yake, akaitikia kwa kichwa. Muuzaji alifurahia ushindi huo kuliko ilivyopasa.

Wakapanga: nusu, robo, moja ya sita. Vitatu vikasimama, lakini cha juu bado kilikuwa na kipande kidogo juu ya meza. Kikahitajika cha nne, na cha nne kilikuwa vipande sakafuni. Muuzaji akafungua mkoba. Pimamaji aliona tarehe yake mgongoni mwa kigae, akaelewa kilikuja kufanya nini pale, na uso ukamshuka.

“Inua,” muuzaji alisema, akakiingiza chini ya vingine.

Pimamaji alisimamisha pimamaji lake wima ukingoni mwa meza. Kati ya kifaa hicho na kigae cha juu penseli ilipita.

“Kizima nje,” alisema. “Sasa nijibu.”

“Kwanza mwalimu aondoe mkono mezani.”

Mwalimu akauondoa. Meza ikatikisika kidogo, vigae vikabaki.

“Nimekubali,” muuzaji alisema upesi, kabla havijabadili nia.