Siku Yoyote Ila Alhamisi

Mbele ya duka la fundi simu watu walijaa mpaka barabarani, kila mmoja akinyoosha mkono juu ya kichwa cha mwenzake. Fundi, jasho likimtiririka, aligawa simu kama anayegawa karata. Kijana mmoja mrefu, mwenye suruali ya mazoezi na raba zilizolika visigino, alipokea simu nyeusi, akaitia mfukoni na kujipenyeza hadi nje. Alipotaka kuitumia, akakuta kwenye kioo picha ya paka aliyevaa kofia.

Maishani mwake hakuwahi kufuga paka. Bahati nzuri simu haikuwa na nywila. Akapiga namba yake mwenyewe.

“Wewe ndiye mwenye simu hii?” ikauliza sauti ya mwanamke.

“Ndiyo, dada yangu.”

“Basi njoo uichukue upesi. Mama yako amepiga, nikapokea bila kutazama. Ananiuliza mimi ni nani wa mwanawe.”

“Ukamwambia nini?”

“Nimemwambia amekosea namba. Akasema namba ni yenyewe, ila mkwe ndiye ambaye hakuwa na taarifa zake.”

Alimkuta mbele ya benki walipokubaliana. Msichana alivaa sketi ya buluu iliyomkaa vizuri na blauzi nyeupe, nywele zimesukwa na kufungwa nyuma, koti jeupe la kazi limekunjwa mkononi. Alikuwa ameshaanza kucheka kabla kijana hajamfikia.

“Kumbe ni daktari,” alisema kijana.

“Daktari wapi! Fundi wa maabara, zahanati ya chuo. Na wewe je?”

“Mimi nakimbia.”

“Unamkimbia nani?”

Wakacheka wote wawili. Lakini aliposikia kwamba ni timu ya riadha ya chuo, msichana aliinua nyusi. “Basi tutaonana upende usipende. Mikojo yenu yote inapita mikononi mwangu.”

“Nimesalimiwa kwa kila namna,” alisema kijana, “ila hii ni ya kwanza.”

Mashabiki walimwita Swala, kwa jinsi alivyoinua miguu kwenye mbio za mita mia nane. Naye tangu siku ile alimwita msichana Daktari, akikatazwa asikatazike. Zilianza meseji, zikafuata simu za mchana, kisha wakawa wanakutana kwenye mgahawa ulio nyuma ya maktaba, wakila viazi kwenye sahani moja na kugombania kipande cha mwisho. Mama Swala, kila akipiga simu, hakuacha kuuliza: “Na yule aliyeniambia nimekosea namba, hajambo?”

Daktari hakuwa mtu wa kuficha. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa zahanati, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akamweleza kwamba ana uhusiano na mwanariadha.

“Moyo ni wako,” mkuu alimjibu. “Siku za vipimo ni zangu. Usivichanganye. Na sampuli yake atapima mwingine.”

“Nimeelewa, mama.”

Swala alipoelezwa habari hiyo, alimbusu kwenye paji la uso. Laiti naye angetoa la kwake siku ile ile.

La kwake lilikuwa hili. Msimu uliopita msuli wa paja ulimchanika, maumivu yakamnyima usingizi. Mwenzake wa chumbani, mrusha mkuki waliyemwita Mbavu, akamletea majani makavu yaliyonyunyiziwa kemikali, yanayovutwa kama bangi lakini si bangi yenyewe. Bwenini waliyaita moshi bubu, kwa sababu kipimo cha kawaida cha bangi hakikuyaona. Mtu alivuta, akapimwa, akatoka safi. Msuli ulipona, kuvuta hakukukoma. Mara nyingine moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu, mpaka akashika ukuta asianguke, akaapa kwamba ndiyo mwisho. Baada ya siku chache alikuwa amerudia.

Kisha chuo kikatangaza kwamba kimepata kipimo kipya kinachoona moshi bubu. Wanariadha wote wangepimwa kwa kushtukizwa, na atakayekutwa nao angeondolewa timuni na kupoteza ufadhili wa masomo. Siku haikutajwa.

“Una mchumba ndani ya maabara, halafu unatetemeka?” Mbavu alimwambia. “Muulize.”

“Hatasema.”

“Basi usimuulize hilo. Muulize lingine.”

Swala alishinda na maneno hayo kichwani. Jioni akapiga simu.

“Daktari wangu.”

“Sema, mkimbizi wangu.”

“Mama anakuja wiki ijayo. Anataka kukuona kwa macho yake.”

Ukatoka ukelele wa furaha uliomfanya aiondoe simu sikioni. “Mama? Kweli? Jamani, nitavaa nini? Anapenda nini? Asije akaniona mtoto wa watu sina adabu!”

“Atakupenda. Kasema Jumanne au Alhamisi.”

“Jumanne sawa kabisa.”

“Shida Jumanne huenda asiwahi. Alhamisi je?”

“Alhamisi hapana.”

“Hata asubuhi na mapema?”

“Asubuhi ndiyo kabisa. Siku yoyote ila Alhamisi, kipenzi. Mwombe mama anisamehe.”

“Nitamwomba,” alisema Swala. Mama yake hakuwa na safari yoyote.

Jumatano ya wiki iliyofuata alimwambia kocha kwamba tumbo linamsokota, akaenda kwa dada yake nje ya mji, akazima simu. Kama angeondoka peke yake, huenda jambo lisingejulikana. Lakini alikuwa amemwambia Mbavu, Mbavu akawaambia rafiki zake, na Alhamisi alfajiri wapimaji walipofika uwanjani, nusu ya timu ilikuwa na matumbo, mafua na misiba.

Mkuu wa zahanati alimwita msichana ofisini.

“Ulimwambia?”

“Siku ya vipimo sikumtajia, mama.”

“Ulimtajia nini?”

Msichana akayapitia mazungumzo yale moyoni, neno baada ya neno, na alipofika mwisho akaelewa alivyotegwa. Akaomba ruhusa, akampigia Swala mbele ya mkuu wake. Simu ilikuwa imezimwa. “Nilisema siku ambayo sipatikani,” alijibu. “Basi.”

Swala aliporudi aliitwa mbele ya kamati. Kocha alikuwepo, na mkuu wa zahanati alikuwepo. Wakamuuliza kama msichana yule alimwambia chochote.

“Hajawahi kuniambia lolote,” alijibu.

Alitoka pale akijipa moyo kwamba amemkinga mpenzi wake. Kumbe amemfanya aonekane mwongo, kwa kuwa msichana alikuwa ameshaeleza habari ya safari ya mama, na sasa ikaonekana ameitunga. Kabla ya mwisho wa wiki, Daktari alifukuzwa kazi. Swala alipompigia, hakupokea. Ilikuja meseji moja tu: “Mama yako alikuwa anakuja kweli?”

Aliandika jibu, akalifuta. Akaandika lingine, akalifuta nalo. Mwisho akaiweka simu chini ya mto kama mtoto anayeficha sahani aliyoivunja.

Timu ilipopimwa tena, hofu ilikuwa imeshamwachisha moshi, na mkojo wake ukawa safi. Mbavu naye alijizuia mpaka vipimo vikapita, kisha akarudia kwa pupa. Mchana mmoja, mazoezini, aliuachia mkuki ukaanguka miguuni pake, akaanguka juu yake, mwili ukimkakamaa na povu likimtoka. Swala alimshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likaja.

“Amevuta nini?” aliuliza tabibu aliyeshuka garini. “Semeni, nijue namna ya kumsaidia!”

Vijana walirudi nyuma hatua moja.

“Moshi bubu,” alisema Swala. “Mimi naye tulikuwa tunavuta pamoja. Na siku ile ya vipimo mimi ndiye niliyeivujisha.” Kocha alikuwa amesimama nyuma yake. Swala akageuka, akamweleza yote pale pale, mpaka uongo wa safari ya mama.

Kocha alivua kofia, akapangusa uso. “Yule binti alilia mbele yangu,” alisema. “Nami nikakuamini wewe.”

Mbavu alipona, ingawa mkono haukupata tena nguvu za kurusha. Swala alitolewa timuni, ufadhili ukakatwa. Siku alipofungasha vitu vyake, aliitafuta ile meseji ya zamani, akaijibu: “Hapana. Mama hakuwa anakuja. Nilikudanganya ili nijue siku.”

Kesho yake likaja jibu. Daktari alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya hospitali ya watoto. Kama anataka kuzungumza, aje kwenye mgahawa wa hospitali hiyo wakati wa mapumziko ya mchana.

Alimkuta ameshaketi. Nywele alikuwa amezikata zikawa fupi, na koti la kazi sasa lilikuwa la kijani.

“Umekonda,” msichana alimwambia.

“Siku hizi sikimbii.”

“Nimesikia uliyowaambia. Asante. Wameniomba nirudi, nimekataa. Hapa nimeshazoea.”

“Nilipaswa kusema mbele ya kamati.”

“Ulipaswa.” Alikoroga chai yake. “Uliponitajia mama yako, ulisikia nilivyofurahi?”

“Nilisikia.”

“Na ukaendelea.”

“Nikaendelea.”

“Nilinunua gauni la njano. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, unajua. Nilisimama mbele ya kioo nikijizoeza kusema shikamoo mama, ili sauti isinitetemeke.”

Swala alisukuma kikombe pembeni. “Mama anajua yote sasa. Amelia sana. Amesema nije nikuombe radhi, na mimi nimekuja na lingine pia. Nataka kukuoa. Nilikupenda kabla sijakuwa na hofu ya kipimo chochote. Hilo halikuwa uongo.”

“Najua,” alisema msichana, na macho yakamlowa. “Ningedhani ulinitafuta kwa ajili ya vipimo, ingekuwa rahisi. Nilikupenda na mimi. Na nimekusamehe, tena siku nyingi.”

“Basi tatizo nini, mpenzi?”

“Mtu na mumewe huulizana vitu vidogo vidogo. Kesho uko wapi? Unarudi lini? Wewe ukiniuliza, nitaanza kutafuta unachokitaka. Sitaki kuishi hivyo, Swala. Na wewe pia utachoka kutazamwa hivyo.”

Mwenzake wa kazi alichungulia mlangoni, akamwita: damu za watoto wa wodi ya juu zimefika. Msichana alisimama, akamwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo.

“Maliza chai yako. Jitunze.”

Alipofika mlangoni aligeuka, akatabasamu. Swala aliinuka nusu kwenye kiti. Swali lilikuwa limeshamfika mdomoni, lile ambalo mwanamume yeyote mle mgahawani angeweza kumuuliza mwanamke wake: unatoka kazini saa ngapi?

Akafunga mdomo. Akaketi, akampungia mkono mpaka mlango ukajifunga.